Adui wa Zamani Anapodaiwa: Mwongozo Kamili wa Kuandika Sehemu Moja ya Tamthilia ya Fantasia

Tuliokulia kwenye mabanda ya video tulijua wahusika wa aina mbili tu, steringi na adui. Steringi hafi. Adui hufa mwishoni, tena vibaya, na ukumbi mzima hupiga makofi. Tamthilia za siku hizi zimeivuruga hesabu hiyo. Adui wa msimu wa kwanza anahamia upande wa steringi, anapewa vichekesho na machozi, watazamaji wanampenda kuliko steringi mwenyewe, kisha mwandishi anakumbuka jambo ambalo alikuwa akilikwepa: huyu mtu ameua. Lazima ije siku ambapo aliyoyatenda yatambishia hodi.

Katika skripti ninazozisoma, sehemu hiyo ndiyo huharibika kuliko zote, na huharibika kwa namna ileile. Yatima anatokea na kisu. Adui wa zamani anapiga magoti na kulia. Yatima anakiangusha kisu, wanakumbatiana, muziki unapanda. Dakika 40 zimekwisha na hakuna kilichotokea. Mwandishi amempenda mhusika wake mno, akamwandikia sehemu ya kumwosha. Kumbe sehemu hii si ya mkosaji hata kidogo. Ni ya yule anayemdai. Ukilishika hilo, nusu ya maamuzi utakayoyafanya yatakuwa mepesi.

Mifano ya kuazima ujuzi ninaitoa zaidi kwenye tamthilia mbili. Ya kwanza ni Xena: Warrior Princess, iliyorekodiwa New Zealand na kuonyeshwa kuanzia 1995 hadi 2001, sehemu 134; Xena mwenyewe, mpiganaji wa kike aliyewahi kuongoza jeshi la wavamizi, alianza kama adui katika sehemu tatu za tamthilia ya Hercules kabla ya kupewa tamthilia yake. Ya pili ni katuni ya Avatar: The Last Airbender, 2005 hadi 2008, sehemu 61, ambamo mwanamfalme Zuko anawawinda mashujaa kwa misimu miwili kabla ya kuja kuwapigia hodi. Pamoja na hizo tutajenga mfano wetu wenyewe tangu mwanzo.

Mfano wetu ni huu. Sudi alikuwa fundi wa sultani katika mji wa pwani ambao haupo kwenye ramani yoyote. Kazi yake ilikuwa kukusanya vivuli vya wasiolipa kodi. Aliyeporwa kivuli haugui wala hafi, ila anasahaulika polepole: majirani kwanza, halafu ndugu, mwisho watoto wake wa kuwazaa. Msimu wa kwanza ulipokwisha Sudi alimgeuka sultani na kuwaokoa mashujaa wetu. Sasa anasafiri nao chomboni, ndiye mpishi wao na ndiye mchekeshaji. Tunaandika sehemu ya 6 ya msimu wa pili.

Hatua ya kwanza: chagua kosa moja

Si maovu yake yote. Moja, lenye mahali, saa na mtu.

Waandishi wa Xena walilijua hili mapema. Tangu sehemu ya kwanza kabisa, anaporudi kijijini kwao Amphipolis na watu kumwokotea mawe, tunaambiwa ana damu nyingi mikononi. Ila uchungu wenyewe unaanza kuuma karibu na mwisho wa msimu wa kwanza, mwaka 1996, anapotokea Callisto. Jeshi la Xena lilivamia kijiji kinachoitwa Cirra, kijiji kikateketea, familia ya Callisto ikaangamia humo, yeye akabaki mtoto peke yake. Kijiji kimoja, mtoto mmoja. Tangu hapo mtazamaji akisikia "Cirra" hahitaji kuelezwa tena.

Linganisha na mwisho wa tamthilia hiyohiyo, mwaka 2001. Xena anakwenda Japani na kugundua kwamba moto aliouanzisha zamani uliua watu 40,000, na roho zao zimenaswa. Ili zipate kupumzika inabidi yeye abaki maiti. Wako mashabiki ambao hawajaisamehe sehemu hiyo hadi leo, na sababu mojawapo naiona kwenye hesabu: 40,000 ni idadi isiyo na uso. Hatukuwahi kukaa na hata mmoja wao kwa muda wa kutosha kukubali kwamba haki yake inalingana na maisha ya mtu tuliyemfuata kwa misimu sita.

Kwa Sudi, basi, tusizungumzie "mamia ya vivuli". Tuchukue kimoja: cha mchemsha chumvi aitwaye Haji, aliyechukuliwa kivuli akiwa ufukweni, asubuhi, jua likiwa bado chini na kivuli chake kikiwa kirefu. Deni lake lilikuwa pishi mbili za chumvi. Kiasi hicho kidogo ndicho kitakachomchoma mtazamaji.

Kosa utakalochagua lipitishe kwenye maswali mawili. Je, bado linaumiza leo? Kosa lililokwisha ni historia, na historia haina haraka. Je, mkosaji alinufaika nalo? Sudi alipanda cheo wiki ileile. Usipoweka manufaa, utakuta umeandika ajali.

Hatua ya pili: mjenge mdai kabla ya kumgusa mkosaji

Hapa ndipo utumie muda wako mwingi. Ningekwambia uandike kurasa tatu za maisha ya mdai bila kulitaja jina la mkosaji hata mara moja. Anaishije? Anacheka na nani? Anachukia chakula gani? Ukishindwa kuzijaza kurasa hizo, huna mtu, una bango la maumivu.

Mtego mkubwa ni kumfanya mdai kuwa kichaa. Callisto ni mhusika wa kusisimua sana, lakini tazama anachofanya: anaua watu huku akijiita Xena. Mara hiyo mtazamaji amepumua. Huyu ni mbaya kuliko yule, kwa hiyo tunaweza kumshangilia Xena kwa moyo mweupe. Waandishi walijitahidi kuurudisha uzito, Xena anakiri kwamba yeye ndiye aliyemtengeneza, hata anawazuia wanakijiji wasimuue Callisto bila hukumu. Hata hivyo mizani ilikwisha kuinama. Unapompa mdai silaha na kicheko cha kutisha, umemsaidia mkosaji kukwepa.

Mtego wa pili ni kinyume chake: mdai malaika. Bibi mpole aliyekwisha kusamehe kabla hajaombwa, anayetoa maneno ya hekima kisha anakufa. Watazamaji wetu wanampenda bibi huyu, najua. Mtoe.

Wetu ni Mashavu, mke wa Haji. Ana miaka hamsini na kitu, mikono imeliwa na chumvi, ana mdomo, anajua bei. Yeye peke yake bado anamkumbuka mumewe, kwa sababu kila alfajiri anajisimulia upya maisha yao kwa sauti: walikutanaje, mahari ilikuwa kiasi gani, nani alizaliwa lini. Wanawe wanamwona Haji kibarandani na kudhani ni mzee mgeni anayefadhiliwa na mama yao. Binti alipoolewa, aliozeshwa na baba yake mdogo, maana kila mtu aliamini baba hayupo. Haji alikuwa amekaa uani anamenya mihogo ya harusi.

Hiyo mihogo inafanya kazi ambayo hotuba haiwezi. Tafuta mihogo yako.

Halafu mpe mdai sababu ya kuja leo. Kwa nini hakuja mwaka jana? Kwa nini asingoje mwaka ujao? Binti ya Mashavu ana mimba ya kwanza, na Mashavu hataki mjukuu azaliwe bila babu. Ana wiki chache. Sasa una saa inayotembea ndani ya hadithi, na umeipata bila bomu wala vita.

Hatua ya tatu: ziba milango ya visingizio

Kabla hujaandika mazungumzo, orodhesha njia zote ambazo mkosaji angeweza kujitoa, kisha uzifunge moja baada ya nyingine.

Fantasia ina mlango wake maalumu: "sikuwa mimi". Katika Buffy the Vampire Slayer, Angel, mnyonyadamu anayezuiwa na roho yake ya kibinadamu, alipoipoteza alitenda unyama. Aliporudishiwa roho, mwaka 1998, waandishi walimfanyia sehemu nzima ambamo wale aliowaua, Jenny Calendar akiwamo, wanamtokea na kumkalia hadi anatamani jua la asubuhi limteketeze. Ni sehemu nzuri. Swali lake, hata hivyo, linazunguka ndani ya kichwa cha Angel: je, ni mimi au ni lile pepo? Waliokufa wamekuwa vioo vya mateso yake, tena ni uovu mwingine unaovaa sura zao.

Kwetu mlango huu uko wazi zaidi, kwa kuwa mtazamaji wa pwani anajua kabisa kwamba mtu hupandwa na pepo. Ukimwandikia Sudi pepo aliyemtuma, nusu ya watazamaji watamwachia huru pale pale. Kama hadithi yako lazima iwe na pepo, acha kitendo kimoja angalau ambacho pepo hakuwamo. Kwa Sudi hakuna pepo. Sultani aliagiza kodi. Kuchukua vivuli lilikuwa wazo la Sudi mwenyewe, alilibuni kwa akili zake na akalionea fahari.

Visingizio vingine vya kufunga: aliagizwa, alikuwa mdogo, naye aliteswa utotoni, hakujua madhara. Kimoja unaweza kukiacha nusu wazi ili mkosaji akijaribu na mdai amfungie usoni. Zuko alikuwa nacho cha haki kabisa, baba yake alimchoma uso akiwa mtoto, na kovu liko pale kila anapoonekana. Kumbuka kwamba siku anapokuja kuomba kupokelewa hakulitaja hilo kovu kama utetezi.

Hatua ya nne: uchawi ubane, usifungue

Uzuri wa fantasia ni kwamba majuto yanaweza kupewa mwili. Ubaya wake ni kwamba uchawi unaoweza kufuta kosa utaifuta pia hadithi yako.

Mfano ninaoupenda ni sehemu ya Xena ya mwaka 1996 iitwayo "Remember Nothing". Wale watatu wanaosokota nyuzi za maisha wanampa Xena zawadi: dunia ambamo hakuwahi kushika upanga. Mdogo wake aliyekufa yu hai. Maovu yake yote hayakutokea. Sharti ni moja, asimwage damu. Kisha anamkuta Gabrielle, rafiki yake, ni mtumwa mwenye moyo uliokauka, kwa sababu katika dunia hii hakuna Xena aliyekuja kumwokoa. Mwisho Xena anamwaga damu kwa kusudi, dunia ya zamani inarudi, mdogo wake anapotea tena. Uchawi umempa kila alichokitaka ili umlazimishe kuchagua kukibeba kile alichokifanya.

Andika kanuni ya uchawi wako kwa sentensi moja kabla ya kuendelea. Yetu ni hii: kivuli kilichofungwa kinafunguka pale tu mfungaji atakapolitaja jina la mwenye kivuli na kusimulia kwa sauti, mbele ya mashahidi, alichomfanyia siku ile. Sudi alivifunga vivuli kwenye kamba ndefu ya ukindu, fundo moja kwa kila mtu. Kamba anayo bado, ameificha chini ya magunia ya mchele. Shida ni kwamba majina ameyasahau.

Tazama kanuni hiyo inavyofanya kazi tatu kwa mpigo: inamlazimisha kukiri, inawaweka wenzake wa chomboni kusikiliza, na inamfanya amhitaji Mashavu, maana ndiye mwenye jina na kumbukumbu. Kanuni nzuri humfanya mkosaji awe mwombaji.

Hatua ya tano: gawa kurasa

Ukurasa mmoja wa skripti ni takriban dakika moja ya picha. Kwa sehemu ya dakika 40 mimi ningegawa hivi.

Kurasa 1–4: Mashavu kwao. Alfajiri, anajisimulia. Haji anasikiliza bila kusema. Binti anapita na kumwamkia Haji "Shikamoo, mzee", si "baba". Mashavu anafunga kitambaa chenye pesa na kumshika mumewe mkono. Sudi haonekani kabisa, na mtazamaji hajui bado uhusiano uko wapi.

Kurasa 5–12: chomboni. Sudi anachekesha, tunampenda tena. Chombo kinatia nanga kununua chumvi. Mashavu anauza. Anaisikia sauti ya Sudi.

Kurasa 13–20: makabiliano ya kwanza, ambayo yanashindikana. Sudi anakana, au anakubali nusu. Wenzake wanamtetea. Hapa mwache nahodha aseme yale ambayo mtazamaji anayafikiria: "Mama, huyu si yule tena." Na Mashavu amjibu.

Kurasa 21–30: kamba inapatikana. Anayeipata awe yule anayempenda Sudi zaidi. Kwetu ni Bakari, mtoto wa chomboni mwenye miaka kumi na mbili, aliyetumwa mchele.

Kurasa 31–37: kukiri na kufungua fundo.

Kurasa 38–40: baada yake.

Ukiona kurasa za kukiri zimefika kumi na tano, umerudi kumwandikia mkosaji. Kata.

Hatua ya sita: andika makabiliano

Makabiliano ya kwanza yawe mafupi kuliko unavyotamani. Rasimu yangu:

MASHAVU: Unanijua?
SUDI: Hapana, dada.
MASHAVU: Mimi si dada yako. Mume wangu, huyu hapa, unamjua?
SUDI: Simkumbuki.
MASHAVU: Wanawe pia hawamkumbuki. Basi mko kundi moja.

Kisha anyamaze. Usimwongezee hotuba. Kila ukihisi anahitaji kueleza zaidi, mpe kitendo: anamsogeza Haji juani, mchanga chini yake hauna kitu, na vivuli vya wengine wote vimelala pale.

Msamaha unaoombwa vibaya ni hazina kwa mwandishi, utumie. Zuko anapofika kuwaomba mashujaa wampokee, katika "The Western Air Temple" ya mwaka 2008, tumeshamwona akijizoeza maneno yake mbele ya chura. Mbele ya watu yanamtoka ovyo. Anataja wema aliowahi kuufanya, halafu katika kujieleza anajikuta amekiri kwamba ndiye aliyemtuma muuaji anayewafuata. Anafukuzwa. Usiku Toph, msichana pekee kati ya mashujaa aliyetaka kumsikiliza, anamwendea kimyakimya; Zuko anashtuka na kumchoma miguu. Nia imebadilika, mwili bado una mazoea ya zamani. Hilo ni la kuiga: mpe mkosaji wako wakati mmoja ambapo ile desturi mbaya inachomoka yenyewe. Sudi, akibanwa na Mashavu, atazame chini kwenye kivuli chake na kupiga hesabu ya urefu wake kwa macho, kama alivyokuwa akifanya kazini. Mashavu amwone akifanya hivyo.

Katika maneno ya kukiri, chunga vitenzi. Kauli ya kutendwa ndiyo maficho ya mkosaji: "vivuli vilichukuliwa", "watu waliumizwa", "ilitokea". Ruhusu Sudi ajifiche humo kwenye ukurasa wa 15. Ukurasa wa 33 aseme "nilikichukua", "nilikufunga", "nilicheka". Futa pia "kama nilikukosea", "ule wakati ulikuwa mgumu" na "sote tuliteseka".

Kuna jambo moja la kwetu ambalo waandishi wetu wanaliacha bure. Mtu aliyekosa kikubwa haendi mwenyewe kuomba radhi, anatuma wazee. Sudi atataka kufanya hivyo, ni adabu, na ni woga pia. Nahodha aende kwa Mashavu na wazee wawili wa bandarini, wakae mkekani, waanze maneno ya taratibu. Mashavu awape maji ya kunywa kwa heshima zote, kisha awaulize: "Nani kati yenu alimchukua?" Watamshangaa. "Basi aje aliyemchukua." Tukio la kurasa mbili, linagharimu mkeka na bilauri tatu.

Hatua ya saba: malipo

Hapa jiulize maswali mawili tofauti, na usiyachanganye. Mdai anapata nini? Mkosaji anapoteza nini?

Waandishi wengi wanajibu la pili tu: afe, ajeruhiwe, apoteze nguvu zake. Kifo cha mkosaji kinapendeza kwenye kamera, na ndiyo njia rahisi ya kumaliza mazungumzo ambayo mdai alikuwa hajayamaliza. Haji hatarudishiwa binti kwa Sudi kujitosa baharini.

Rudi tena kwa Zuko, kwenye "The Southern Raiders". Katara, mmoja wa mashujaa, mwenye uwezo wa kuyatawala maji, ndiye pekee aliyekataa kumkubali. Zuko hamlilii. Anauliza kilichompata mama yake Katara, anajifunza ni kikosi gani kilichomuua, kisha anakaa nje ya hema la Katara usiku kucha ili asubuhi amwambie: namjua aliyemuua mama yako, nitakusaidia kumpata. Wanakwenda. Muuaji, Yon Rha, amestaafu, ni mzee anayekemewa na mama yake na kutumwa sokoni. Katara anaisimamisha mvua hewani na kuigeuza kuwa mikuki ya barafu, kisha anaishusha. Hamuui. Wala hamsamehi, na analisema hilo wazi. Anayesamehewa na Katara ni Zuko, ambaye hakumbembeleza kwa maneno. Alifanya kazi ya kumfikisha Katara alikotaka kufika, na uamuzi wa mwisho akauacha mikononi mwake.

Utaratibu wa malipo unaweza pia kuazimwa kwenye mila zilizo karibu. Waacholi wa kaskazini mwa Uganda wana mato oput, upatanisho wa pande mbili baada ya mtu kuuawa. Ukweli husemwa kwanza, upande wa muuaji hulipa fidia, na mwishoni ndipo wawakilishi wa pande zote mbili hunywa pamoja kinywaji kichungu cha mzizi wa oput. Kwa mwandishi, funzo liko kwenye mfuatano. Katika skripti mbaya wanakunywa kwanza.

Kwa Sudi: anamsimulia Haji asubuhi ile ya ufukweni, mbele ya nahodha, wazee na Bakari. Mashavu anamsahihisha kila anapoteleza. "Hapana. Alikuwa amevaa shati jeupe. Anza tena." Fundo linafunguka. Kivuli kinashuka mchangani na kumwendea mwenyewe. Mdai amepata alichokijia. Mkosaji amepoteza kile alichokithamini kuliko uhai, yaani namna Bakari alivyokuwa akimtazama.

Na kuna ambacho hakilipiki. Binti ameshaozeshwa na mtu mwingine. Mashavu alitaje hilo kwa sentensi moja, mezani pa chumvi, huku akihesabu chenji.

Swali la kusamehe: Mashavu hasamehi. Hili si agizo la kila hadithi, ila kama unataka msamaha utoke, uwe umelimbikizwa muda mrefu. Zuko alimsaliti ami yake Iroh mwishoni mwa msimu wa pili, Desemba 2006. Kumbatio la Iroh lilikuja Julai 2008, na lilikuja kabla kijana hajamaliza hata kuomba. Lilikubalika kwa sababu watazamaji walikuwa wamelingoja msimu mzima. Ndani ya dakika 40 huna akiba hiyo.

Hatua ya nane: kosa lenyewe lionyeshwe vipi

Mara moja, kwa ufupi, na kutoka upande wa aliyetendewa. Ukiweka kamera nyuma ya bega la Sudi wa zamani, na joho lake jeusi na muziki wake wa msimu wa kwanza, watazamaji watafurahi kumwona tena. Tumia kisengere nyuma, yaani tukio la kurudi wakati uliopita, cha nusu ukurasa: miguu ya Haji mchangani, kivuli kirefu, mkono unaingia kwenye fremu na kushika ukingo wa kivuli. Uso wa Sudi usionekane. Huhitaji jeshi, huhitaji mtaalamu wa picha za kompyuta. Asubuhi moja ya jua na kitambaa cheusi kinachovutwa kwa uzi vitatosha, mradi mhariri asikawie hapo.

Kumwonyesha Haji bila kivuli katika matukio mengine ni kazi ngumu zaidi. Mweke kivulini, chini ya mwembe, ndani, jioni. Mtoe juani mara mbili tu, na hizo mbili ndizo za kulipia gharama.

Hatua ya tisa: sehemu ya 7 isisahau

Mashavu anapoondoka asimpe Sudi mkono. Amrudishie kamba na kumwambia mafundo yaliyobaki yana wenyewe. Tangu hapo umepata injini ya msimu: kila bandari watakayotia nanga, kuna fundo. Bakari asianze kumchekea mapema. Sehemu ya 7 ale chakula cha Sudi bila kumtazama. Sehemu ya 8 amwulize swali moja. Nahodha naye ana hesabu yake, kwa kuwa alijua na akanyamaza. Liandike hilo kwenye daftari la msimu lisije likapotea.

Rasimu ikikamilika, nakili mistari ya Mashavu peke yake kwenye karatasi nyingine, bila mistari ya mtu mwingine yeyote, na umpe mtu asiyeijua hadithi. Mwombe akueleze mwanamke huyu anataka nini, anajua nini, na amepata nini mwishoni. Akikujibu kwa habari za Sudi, au akisema tu kwamba "ana uchungu sana", usiguse ukurasa wa kukiri. Rudi hatua ya pili ukaandike zile kurasa tatu upya.